Ile X ya Kikagate

Wanawake kumi na tisa wa kikundi cha Tuinuane walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa, kule Kabazana ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na hakuna aliyekuwa anasali. Sanduku lao la chuma lilikuwa mezani, kufuli zake zote tatu zimefunguliwa, na ndani mlikuwa na shilingi laki moja na elfu sitini. Zilitosha kukodi gari moja kwa siku moja. Milioni nne zao, jasho la miaka miwili la kuuza nyanya, kusuka nywele na kulima mashamba ya watu, zilikuwa nje, zimegawanywa sehemu mbili. Na habari mbaya za sehemu zote mbili zilifika siku moja, Alhamisi hiyo hiyo.

Kikagate, mpakani na Tanzania, Habiyaremye mfanyabiashara wa mahindi alikuwa ametoroka. Waliomdai walikuwa wamelizingira ghala lake, na kesho asubuhi mwenyekiti wa mtaa angegawa magunia yaliyomo kwa kila atakayefika na karatasi ya deni iliyopigwa muhuri wa mdai. Mbarara nako, ofisi ya akiba yenye mlango wa vioo ilikuwa imefilisika, inalipa pesa iliyobaki mkononi tu, anayewahi ndiye anayepata, na kesho saa kumi jioni ingefunga mlango kabisa. Maskini hapewi hata nafasi ya kulia msiba mmoja kwanza, halafu wa pili.

"Muhuri ni moya," alisema Mukandayisenga, mwenyekiti wao, ambaye wote walimwita Mama Prezida. "Sisi ba kutia saini tuko batatu, na gari ni moya. Hatuwezi kuwa Kikagate na Mbarara saa ile ile. Mama Alida, simama. Fasi gani kuko franga mingi?"

Mama Alida ndiye Georgette, mweka hazina. Ni yeye aliyezipeleka pesa zote, kwa mkono wake, ndani ya mfuko wa unga. Kikao kilikuwa kimemwagiza hivi: sehemu kubwa iende Mbarara, kwenye usalama; sehemu ndogo iende kwa Habiyaremye, ijaribu bahati. Alisimama akatengeneza kitenge kilichokuwa kimekaa sawa tayari.

"Sikumbuke muzuri," alisema. "Yote iko mu kitabu."

Alikuwa anakumbuka vizuri sana, mpaka noti zilizokuwa zimechanika. Lakini alikuwa pia anakumbuka mama mmoja wa kikundi cha jirani, aliyekiuka agizo la kikao chake mwaka jana. Wenzake walimng'olea mabati mchana kweupe, wakampeleka kwa polisi wa Base Camp, makao makuu ya makazi, na watoto wake wakalala chini ya turubai msimu mzima wa mvua. Georgette alikuwa na mabati kumi na sita, mume mwenye mgongo mbovu, na mtoto mmoja.

Na kitabu? Kitabu kilikuwa Kanada. Umwiza, aliyekuwa mwandishi wa kikundi, alingoja ndege ya kuhamishiwa huko miaka tisa, kisha akaitwa kwa notisi ya siku tatu. Katika kufungafunga kwake akabeba kila kitu, pamoja na daftari la Tuinuane. Simu yake ya Uganda ilikuwa imezimwa, ya huko aliko hakuna aliyeijua.

"Kitabu kinakula baridi," alisema Mama Viviane, muuza samaki, wa tatu katika watia saini. "Siye tunakula jua."

Hakuna aliyecheka. Mama Prezida akagonga meza. Kikundi kilikuwa na desturi moja ambayo wafadhili waliwafundisha na wao wakaishika kuliko amri za Musa: kila kikao kikifungwa, benchi la kulia lilipewa namba moja ya kuishika kichwani, na benchi la kushoto namba nyingine, ili hata daftari likichezewa, vichwa visichezewe.

"Benchi ya kulia! Mtaji?"

"Milioni ine!" waliitikia wanawake tisa.

"Benchi ya kushoto! Faida ya musimu yenye iliisha?"

"Laki saba na elfu makumi mbili na tano!"

"Sawa. Namba mbili tunazo. Zitatusaidia nini?"

"Zinatosha," alisema Alida, binti wa Georgette.

Alikuwa amekaa pembeni na daftari jipya. Tangu Umwiza aondoke, ndiye aliyekuwa akiwaandikia. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na muhula uliopita alipata tisini na mbili katika hesabu. Jambo hilo Georgette alilitangaza Kabazana nzima hadi watu wakaanza kumkwepa sokoni.

"Zinatosha namna gani?"

"Mwalimu alitufundisha juma lililopita. Ukijua pesa yote ni ngapi, na faida yote ni ngapi, na ukijua kila fasi inalipa ngapi kwa mia, unaweza kutafuta vile iligawanywa. Hata kama kitabu kiko Kanada."

Viwango vilijulikana na wote. Habiyaremye alilipa ishirini kwa kila mia kwa msimu, ofisi ya Mbarara ililipa tano. Mama Prezida akamtazama mtoto, akamtazama mama yake, kisha akamkabidhi chaki ya shule ya Jumapili.

Alida akasimama mbele ya ubao. Kusema kweli alikuwa anafurahi. Siku zote hesabu zake zilikuwa za wafanyabiashara wa kwenye vitabu, watu wenye majina ya Kizungu waliogawanya mitaji yao katika benki mbili bila sababu yoyote ya maana. Leo zilikuwa za mama yake.

"Tuseme pesa ya Kikagate ni x," alisema akiandika. "Ya Mbarara ni y."

"X ni nani?" aliuliza Mama Viviane.

"Ni jina la kitu chenye hatujakiyua, mama."

"Basi bwana yangu ni x."

Hapo walicheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi, na hata Mama Prezida alifunika mdomo. Alida akaendelea kuandika kwa herufi kubwa ili wa nyuma waone.

x + y = 4,000,000

20x + 5y = 72,500,000

"Mstari wa kwanza ni benchi ya kulia," alieleza. "Wa pili ni benchi ya kushoto. Kila mia ya x ilizaa ishirini, kila mia ya y ilizaa tano. Nimezidisha yote kwa mia ili nukta zisitusumbue. Sasa tuseme pesa yote ingelala Mbarara. Ingezaa tano tano tu."

5x + 5y = 20,000,000

"Hii ni faida ya laki mbili, kwa sababu bado imezidishwa. Lakini siye tulipata laki saba na zaidi. Ile iliyozidi imetoka Kikagate. Natoa mstari huu kwenye ule."

15x = 52,500,000

Mkono wake ukasimama hapo. Mtoto wa tisini na mbili hahitaji chaki kugawanya hiyo kwa kumi na tano. Milioni tatu na nusu. Kikagate kulikuwa na milioni tatu na nusu, na Mbarara laki tano tu. Mama yake alikuwa amekiuka agizo la kikao chote.

Akageuka. Georgette alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, anamkazia macho, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Alida alimwelewa mara moja, au alidhani amemwelewa: mwanangu, usiseme.

"Imekwama?" aliuliza Mama Prezida.

"Hapana."

Akaandika: x = 3,500,000. Chini yake: y = 500,000. Wanawake wengi pale hawakuwa wamesoma, lakini hakuna ambaye hajui kutofautisha milioni na laki.

"Ile kubwa ni ya wapi?"

"Ya Mbarara," alisema Alida. "X ni Mbarara."

"Ngoja kwanza," alisema Mama Viviane. "Si ulisema x ni Kikagate?"

"Nilisema Mbarara, mama."

"Miye nilisikia Kikagate."

"Weye ulisikia bwana yako!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na kanisa zima likalipuka. Walipiga vigelegele, wakakumbatiana benchi kwa benchi, wengine machozi yaliwatoka. Milioni tatu na nusu zilikuwa Mbarara! Mama Prezida aliinua mikono juu akamshukuru Mungu, kisha akatoa amri: gari liende Mbarara alfajiri. Laki tano za Kikagate wamwachie Mungu. Mama Viviane naye alinyamaza, kwani nani hataki kusikia habari njema, hata kama masikio yake yamesikia nyingine?

*

Nyumbani, Appolinaire, mume wa Georgette, alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua maharage, mgongo ameuegemeza ukutani kwa sababu haukuweza kusimama wenyewe. Georgette alipita bila kumsalimu, akamvuta Alida ndani.

"Uliona," alisema.

"Niliona, Mama."

"Uliona ile mingi iko Kikagate."

"Ndiyo."

"Na ukageuza."

"Ulikuwa unaniangalia. Ulikuwa unaniomba."

Georgette akakaa kwenye dumu la maji. "Nilikuwa namuomba Mungu uiseme," alisema. "Miye sikukuwa na mudomo. Ulipokamata chaki nikasema, sasa itatoka bila ulimi yangu. Batanitukana, batanitemea mate, lakini gari itaenda Kikagate. Magunia yangali pale, Alida. Yangali pale mpaka kesho asubuhi."

Alida akakaa chini, karibu na dumu.

Appolinaire alikuwa amesikia yote. Akaingia akishikilia ukuta. "Mama Alida, juu ya nini ulimupa mutu moya franga yote ile?"

"Mutu wa kwetu Kongo. Ba Uvira sote. Nilisema musimu moya tu, halafu narudisha Mbarara. Nilipoleta ile laki saba, bote balinibeba juu kama bibi arusi. Kuna mwenye aliuliza imetoka wapi? Posho yetu ya bakimbizi ilikuwa imekatwa. Nikasema basi, musimu moya ingine."

"Jua lingali juu," alisema Appolinaire. "Enda kwa Mama Prezida. Sasa hivi."

"Nitaenda miye," alisema Alida. "Nitasema nilidanganya."

"Nani? Weye?" Georgette alisimama. "Ili waseme mutoto wa Georgette alidanganya mu kanisa, mbele ya bamama kumi na tisa? Nani atakuamini tena? Nani atakupa kazi? Kaa hapo. Nitaenda miye. Nitasema nimekumbuka."

Uani kwa Mama Prezida alikuta wanawake sita wanamenya viazi vitamu vya safari, wanaimba pambio. Kabla hajafungua mdomo, Mama Prezida alimshika mkono akamketisha kwenye kiti, kiti chenye mgongo, ambacho kwa kawaida hukaliwa na mchungaji.

"Tumeamua," alisema. "Alida ni mwandishi wetu wa kila siku. Na ada ya muhula unakuya, kikundi kitalipa. Mungu alikupa mutoto, Mama Alida."

"Mama Prezida, ile mambo ya Kikagate..."

"Wacha Kikagate. Kikagate ni laki tano."

"Nilikuwa nawaza labda..."

"Ama hesabu haiko sawa?" aliuliza Mama Viviane. Hakuacha kumenya, ila aliuliza. Pambio likakatika. Wanawake wote sita walimtazama Georgette, visu mkononi, nyuso zikianza kukunjamana.

Ilikuwa nafasi yake, na aliijua. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingemfanya kwanza mtoto wake mwongo kabla ya kufika kokote.

"Iko sawa," alisema.

"Basi!" Mama Prezida alishusha pumzi akacheka. Akaingia ndani akatoka na yai la kuchemsha limefungwa kwenye jani la mgomba. "Mupelekee mutoto. Akili inakula."

Georgette alirudi nyumbani na lile yai. Alida hakuligusa. Appolinaire aliwatazama wote wawili, akaelewa, akaanza kutafuta viatu vyake. Alikopa elfu ishirini kwa jirani, akachukua ile karatasi ya Habiyaremye iliyokuwa imefichwa ndani ya Biblia, na kabla jua halijachomoza Ijumaa alikuwa amepanda bodaboda kwenda Kikagate, hivyo hivyo na mgongo wake mbovu. Karatasi alikuwa nayo. Muhuri ulikuwa kwenye mkoba wa Mama Prezida, unaelekea Mbarara.

*

Foleni ya ofisi ya akiba ilianzia kwenye mlango wa vioo, ikapita duka la dawa, ikapinda kona. Wanawake saba wa Tuinuane waliifikia saa mbili asubuhi na Alida akiwa nao, sare ya shule mwilini ili waonekane watu wa maana. Walisimama. Askari wa mlangoni aliwapitisha mara tatu watu waliokuja na magari yao na kuwaingiza mbele. Walipolalamika aliwaambia kwamba wakimbizi wasubiri, wao si wana muda mwingi? Mama Viviane alitaka kumjibu, Mama Prezida akamkanyaga mguu. Kila saa iliyopita Georgette alitazama simu, na simu haikusema kitu.

Saa sita na nusu waliitwa watia saini watatu na mwandishi wao. Karani, msichana wa Kinyankole mwenye kucha ndefu, alipokea kitambulisho, akagonga kompyuta.

"Mnataka kutoa yote?"

"Yote, mwanangu," alisema Mama Prezida.

"Iko laki tano na elfu makumi mbili na tano."

Mama Prezida alitabasamu kwa heshima, akidhani hajasikia vizuri. "Na ile ingine?"

"Ingine gani, mama?"

"Milioni tatu. Milioni tatu na nusu. Angalia muzuri."

"Mama, mimi naangalia. Hapa mliweka laki tano, na interesti ni elfu makumi mbili na tano. Hakuna ingine. Mnachukua ama mnatoka? Watu wako nyuma."

Kioo kilikuwa kati yao, na kwenye kioo Alida aliona sura za wanawake wale watatu. Ya Mama Prezida ilikuwa bado inatabasamu, imesahau kuacha. Hapo hapo simu ya Georgette ikalia. Alikuwa Appolinaire, na alizoea kupiga kelele kwenye simu, hivyo wote wanne wakamsikia.

"Imeisha! Bamegawa mpaka gunia ya mwisho! Nilibaonyesha karatasi, banasema bila muhuri miye ni mupita njia tu. Hata debe moya, Mama Alida! Mwenye alikuya na muhuri amebeba nusu ya deni yake. Nusu!"

Simu ikakatika. Karani akahesabu zile laki tano na elfu ishirini na tano, akazisukuma chini ya kioo, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Georgette," alisema Mama Prezida. Hakusema Mama Alida. "Bwana yako anafanya nini Kikagate?"

Georgette akaishusha simu. Mama Prezida akamsogelea.

"Mutoto alihesabu mbele ya Mungu. Milioni tatu na nusu Mbarara. Hapa kuko laki tano. Milioni tatu iko wapi?"

Georgette alimtazama Alida. Mtoto alikuwa amekwisha fungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi, ungetosha pumzi moja: pesa haikuliwa, ilikuwa Kikagate, nami niligeuza herufi. Na wanawake kumi na tisa wangejua kwamba jana saa tisa alasiri magunia yao yalikuwa bado ghalani, na aliyewazuia kuyafuata ni huyu hapa, mwenye sare ya shule.

"Nilikula," alisema Georgette.

Mama Viviane alimpiga kofi. Lilisikika foleni nzima.

*

Kituo cha polisi walichopelekwa kilikuwa na chumba kimoja, meza moja, na koplo mmoja aliyekuwa anakula chapati. Alisikiliza makelele ya wanawake saba mpaka chapati ikaisha, akafuta mikono, akawatoa nje wote isipokuwa Georgette, Mama Prezida na Alida, aliyekataa kuachia mkono wa mama yake.

"Mimi nimezaliwa Makenke, ndani ya kambi ya jeshi," alisema. "Swahili yangu iko sawa. Hakuna kuzungukazunguka. Wewe mama, ulikula pesa ya wenzako?"

"Nilikula, afande."

"Ngapi?"

"Milioni tatu."

"Ulifanyia nini?"

Georgette hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alifikiri kidogo. "Chakula," alisema.

"Si kweli!" Alida alipaza sauti. "Afande, hakula. Nipe karatasi." Alinyakua kalamu ya koplo mezani, akageuza risiti ya ofisi ya akiba, akaandika mistari ile ile, upesi. "Angalia. Mtaji milioni nne. Faida laki saba na ishirini na tano elfu. X ni Kikagate. Kikagate! Jibu ni milioni tatu na nusu, na y ni hii laki tano tumekuta leo. Inakubali kabisa. Kama angekuwa ameila, faida ile ingetoka wapi? Mama Prezida, angalia. Pesa yote ilikuwa Kikagate. Jana niliona. Niliwadanganya."

Koplo aliitazama risiti muda mrefu. Alikuwa ameachia shule kidato cha pili, lakini aliweza kuona kwamba mtoto huyu hakuwa anabahatisha. Mama Prezida naye aliinama juu ya meza. Hakuweza kusoma zile herufi, ila uso wake ulianza kubadilika polepole.

"Jana ulijua?" alimuuliza Alida. "Magunia yangali pale, na ulijua?"

Georgette akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, lakini alikicheka kwa sauti.

"Afande, unamusikia huyu? Hesabu! Toka aingie sekondari namulipia hesabu, muhula uliopita alipata kumi na mbili kwa mia. Kumi na mbili! Ile ya tisini nilikuwa nabeba sifa ya bure, nilikuwa naona haya. Ile jibu ya jana ni miye nilimupa kwa karatasi, nikamwambia unakili vile vile, usiulize. Hajui kitu. Anataka tu kunitoa hapa."

"Mama!"

"Nyamaza. Mujinga kama baba yako."

Mama Prezida aliwatazama mama na mwana, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amechoka, alikuwa amepoteza akiba ya miaka miwili, na alihitaji mtu mmoja wa kumchukia, mtu mzima, si mtoto mwenye sare. Akanyooka.

"Mutoto hana kosa," alimwambia koplo. "Andika mama yake."

Koplo aliandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, taratibu, akiuliza tarehe na jina la baba. Risiti yenye hesabu aliiweka pembeni, chini ya kikombe cha chai. Alipomaliza akageuza karatasi.

"Sheria inasema lazima asomewe kwa lugha anasikia. Hapa niko peke yangu leo. Wewe mtoto, unasoma Kiingereza?"

"Nasoma," alisema Alida.

"Basi msomee. Kila kitu. Kama kuna kitu haiko vile alisema, aseme sasa."

Alida alichukua karatasi. Ilikuwa kwa lugha ambayo mama yake hakuijua, na Mama Prezida hakuijua. Alipoanza kusoma, koplo aliwasha redio ndogo akageukia dirisha. Angeweza kusoma lolote, lakini alisoma kilichoandikwa.

"Mimi, Georgette, mkimbizi wa Nakivale, nimekubali kwa hiari yangu kwamba nilikula shilingi milioni tatu za kikundi. Nilifanya peke yangu. Hakuna mtu alinituma." Akavuta pumzi. "Mtoto wangu hajui hesabu."

Akaishusha karatasi.

"Endelea," alisema Georgette.

"Mtoto wangu hajui hesabu. Nilimwandikia jibu, naye akanakili bila kujua. Kama kuna kosa, ni langu."

"Ni vile ulisema?" aliuliza koplo bila kugeuka.

"Ni vile nilisema," alijibu Georgette. Alitazama ile karatasi juu hadi chini, mistari yote ambayo hakuweza kuisoma, kisha akamtazama binti yake kwa upole ambao Alida hakuwa ameuona tangu akiwa mdogo.

"Kidole kinawekwa fasi gani?" aliuliza.

Alida akamwonyesha.